Safu ya Sababu

Safu ya Sababu niliiweka mimi, na niliiweka kwa kuwa karatasi ilikuwa imebaki na nafasi upande wa kulia. Naomba hilo lijulikane mapema, maana baadaye watu waliipigania safu hiyo kana kwamba ilikuwepo kabla ya majengo yenyewe.

Majengo yetu ni mawili, yanatazamana kama mawifi walionuniana. Ghorofa nne kila moja, familia arobaini, tangi moja la maji juu ya paa, na pampu moja chini, ndani ya kichumba chenye mlango wa chuma. Pampu isipowashwa saa tisa alasiri, ikifika saa kumi na moja mabomba yanakohoa tu. Ufunguo wa kichumba hukaa kwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Mwenyekiti wa zamani aliwahi kusafiri wiki mbili na ufunguo mfukoni bila kumwambia hata mkewe, tukapanda ngazi na ndoo mpaka nikajua idadi ya vidato gizani. Aliporudi tukamuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Dharura." Tukamwondoa siku ileile.

Tukamchagua fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, mama mmoja mpole anayeongea na watu huku pini ziko mdomoni. Siku ya pili tu watu walishaanza kumwita Mama Mwenyekiti. Mimi nikawa katibu, kwa sifa mbili: nafanya kazi kwenye duka la fotokopi la shangazi yangu, kwa hiyo karatasi hazingetusumbua, na nawachekesha watu. Wapo walionichagua kwa sifa ya pili peke yake, na hao ndio ninaowaheshimu zaidi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi ya kubandika ubaoni, pale chini ya ngazi, ili kiongozi yeyote akiondoka ijulikane. Nikachora safu tatu: Siku. Saa. Ufunguo uko kwa nani. Nikaitazama kwenye kompyuta. Upande wa kulia palibaki patupu, ukurasa ukaonekana kama mtu aliyevaa shati la mkono mmoja. Nikaongeza safu ya nne, nikaipa jina la kwanza lililonijia kichwani. Sababu.

Kwenye mkutano ilipigiwa makofi. Tena kinyozi akasimama kuongezea. Kinyozi wetu ana kibanda chake ubavuni mwa lango, na watu humwita Redio, kwa kuwa ukikaa kwenye kiti chake unaondoka na nywele pungufu na habari za ziada.

"Mimi nasema hivi," akasema Redio. "Karatasi isiyojazwa safu zote nne haihesabiki. Na bila karatasi, ufunguo hautoki mkononi mwa mwenyekiti. Tumechoka na dharura."

Tukapitisha. Mama Mwenyekiti mwenyewe aliinua mkono kukubali.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha zikaanza Jumanne.

Jumanne ya kwanza Mama Mwenyekiti alitoka saa saba mchana, kavaa viatu vya safari na kanga mpya, akarudi saa kumi na mbili. Ubaoni aliandika siku, akaandika saa, akaandika kwamba ufunguo uko kwa katibu. Safu ya nne akaiacha tupu. Nikaenda kuwasha pampu, Redio akanizuia hapo ubaoni akiwa na kidole juu ya karatasi.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu. "Ya nne iko wapi, Katibu?"

"Kasahau, kaka."

"Basi na sisi tutasahau maji. Safu si yako?"

Ilikuwa yangu. Jumanne hiyo mabomba yakakohoa. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile, maana mama aliona hakuna faida ya kuniachia ufunguo, akawa anaondoka nao kwenye mkoba. Jumanne ya nne, mama mmoja wa ghorofa ya tatu, aliyejifungua mapacha mwezi ule, alishuka na beseni la nepi mpaka chini, akaliweka mbele ya ubao na kulisimamia, kimya. Kimya chake kilituuma kuliko kelele zote za Redio.

Na uvumi ukapata nguvu. Wengine walisema mama anajenga mahali. Wengine wakasema kapata mchumba, tena mwenye gari. Redio alikuwa na mchumba huyo kwa kimo, rangi na aina ya masharubu. Nami sitajifanya malaika, masharubu nilichangia mimi.

Siku iliyofuata ile Jumanne ya nne, Mama Mwenyekiti alikuja dukani kwetu kutoa nakala. Alinikuta nina foleni, akatoa nakala mwenyewe kwenye ile mashine ya kona, akalipa, akaenda. Mchana nilipofungua mfuniko nikakuta karatasi yake imelala kwenye kioo.

Watu husahau karatasi chini ya mfuniko kila siku, na shangazi ana sheria kuhusu hilo. Karatasi ya mteja inashikwa kwa mgongo. Unaigeuza uso chini, na kama hujui ni ya nani, unasoma jina tu, basi. Duka letu limepitisha talaka, majibu ya vipimo, barua za kuachishwa kazi na barua za mapenzi zenye makosa ya kutisha, na shangazi hajui hata moja inasema nini. Anajua zilikuwa kurasa ngapi.

Nikasoma jina. Lilikuwa la mtoto wake wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye sote tuliambiwa yuko mbali kikazi. Nilipaswa kuishia hapo. Macho yangu hayakuishia hapo. Ilikuwa fomu ya kituo cha watu wanaoacha pombe. Siku ya kutembelewa: Jumanne, saa nane hadi saa kumi. Mtembeleaji: mama mzazi. Wiki ya nne kati ya kumi.

Nikaigeuza uso chini, nikiwa nimechelewa.

Jioni nikampelekea kwenye bahasha niliyoifunga kwa gundi. Alikuwa mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali, gauni la mtu la sherehe limemfunika magoti.

"Umeisahau kwenye mashine, mama."

Akaitazama bahasha, akatoa pini mdomoni moja moja na kuzichoma kwenye kimto. "Umeisoma?"

"Nimesoma jina."

"Jina tu?"

"Na kidogo hapo chini."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka kwenye muhuri."

Nilidhani atanifukuza. Akavuta kigoda kwa mguu, nikakaa.

"Unamkumbuka yule jirani wa jengo la pili, aliyekuwa dereva?" akaniuliza. "Alirudi kutoka mahali kama hapo, mzima kabisa. Akinunua soda, watu wananusa chupa. Akijikwaa kwenye ngazi, wanatazamana. Alivumilia miezi miwili akahama. Sasa mwanangu ananiambia, mama, nikirudi nataka nirudi kama fundi. Ukiwaambia, usinirudishe huku. Nitafutie pengine pa kuishi."

"Lakini mama, watu wangekuhurumia. Hata Redio."

"Hiyo huruma nitaila mimi, na atakayeilipia ni yeye. Habari hii si yangu, mwanangu. Nimepewa niishike tu."

Nikaapa kwamba sitasema. Hicho kiapo nimekitunza, ndiyo maana hata humu sitaji jina la mtu. Kilichoniponza ni kitu kingine, akili nyingi.

Jumanne ya tano mama alipita dukani mbio, basi lake linataka kuondoka. Akanipa ufunguo. "Jaribu leo, yule mama wa ghorofa ya tatu ana watoto wachanga. Jaza, nikirudi nitatia sahihi." Nikaenda ubaoni. Siku, nikajaza. Saa, nikajaza. Ufunguo, kwa katibu. Nikafika safu ya nne, Redio yuko nyuma yangu ananuka poda, anapumua sikioni. Nikaandika: Jino.

Nilijiona nimemaliza matatizo ya dunia. Pampu ikawaka saa tisa kamili, mama wa mapacha akaanika nepi kumi na nane, nilizihesabu kwa fahari.

Mama Mwenyekiti aliporudi saa kumi na mbili, alikuta watu wanne kwenye ngazi. Mmoja kashika karafuu. Mmoja kashika maji ya chumvi kwenye chupa. Wa tatu alikuwa na anwani ya mtu anayeng'oa bila maumivu, na Redio alitaka kujua ni jino lipi, la juu au la chini. Mama alinitazama juu ya vichwa vyao. Kisha, mbele ya macho yangu, akapokea karafuu, akaitia mdomoni upande wa kushoto, akasema asanteni.

Kesho yake asubuhi alikuja dukani kabla sijawasha mashine.

"Nilikuwa nimeacha nafasi tupu," akasema. "Nafasi tupu haikumdanganya mtu. Wewe umenijazia uongo na jina langu liko juu yake."

"Nilitaka maji yatoke, mama."

"Yametoka. Na mimi nimetafuna karafuu nne."

Sikucheka, ingawa ilinigharimu.

Uongo wangu uliishi siku mbili. Alhamisi Redio alipita mbele ya mlango wa fundi kuchukua suruali yake, akamkuta mama anakata uzi kwa meno. Mafundi cherehani wote hukata uzi kwa meno, mkasi uko palepale mezani lakini hawauoni. Mama alikuwa amekata uzi upande wa kushoto, upande uleule alikotia karafuu, kisha akang'ata na zipu iliyokwama. Redio alilipia suruali, akatoka nje, na kabla ya adhuhuri kila sakafu ilikuwa na habari za zipu.

Mkutano ukaitishwa Jumapili alasiri.

"Nitakiachia kiti," mama aliniambia Jumamosi. "Jino siwezi kulitetea, na ukweli siwezi kuutoa. Wamtafute mwingine."

"Wakimpata Redio?"

"Basi mtakuwa na habari nyingi na maji kidogo." Ndiyo mara ya kwanza kunitania tangu karafuu, lakini macho yake hayakuwemo kwenye utani. Alikuwa ameshaandika barua. Aliniomba niitoe nakala mbili.

Nikaenda nayo dukani nimeishika kwa mgongo. Shangazi alikuwa anapokea kazi ya mzee mmoja mwenye bahasha kubwa, anaijaza kwenye daftari letu la kazi. Daftari hilo nimelijaza mimi pia miaka miwili mizima bila kulitazama. Kurasa: sita. Nakala: tatu. Itakuwa tayari: saa tano. Atakayechukua: mwenyewe. Mzee akaondoka. Nikabaki nalitazama kama mtu aliyekutana na pua yake kwenye kioo.

"Shangazi, kwa nini daftari halina safu ya kusema karatasi inahusu nini?"

"Ya nini?"

"Ili tujue."

"Nikijua ni talaka, mashine itatoa wino mweusi zaidi?" Akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya. "Mteja anataka kujua itakuwa tayari saa ngapi na nani anayo. Nikimdanganya hapo, ana haki ya kunivunjia meza. Mengine hayanihusu. Hiyo ya kwako nakala ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Ila ngoja kwanza, shangazi. Labda hazitahitajika."

Jumapili tulikaa uani kati ya majengo mawili, wengine kwenye viti, wengine wamening'inia madirishani kama nguo. Redio alisimama wa kwanza, kavaa ile suruali. Alisema kwa ufupi, kwa kipimo chake, yaani dakika kumi. Tulimwondoa mmoja kwa kuficha. Huyu anaficha, tena anaandika uongo. Jino gani linalokata zipu?

Watu wakacheka. Mama Mwenyekiti akaingiza mkono mkobani, nikajua anatafuta barua. Nikasimama kabla yake.

"Jino ni langu," nikasema.



"Aliyeandika Jino ni mimi. Mama hakuniambia niandike. Redio alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri neno, nikampa neno. Mama aliikuta karafuu mdomoni mwake kwa makosa yangu. Nawaomba radhi nyote, na yeye zaidi." "Na kuna jingine. Safu yenyewe ya Sababu. Mnajua niliiweka kwa nini? Karatasi ilibaki na nafasi. Nikaona haipendezi."

"Unatania," akasema Redio.

"Leo sitanii, ndiyo maana natetemeka."

Mtu akacheka dirishani, kisha wengi. Lakini Redio hakucheka, na alichouliza kilikuwa swali halali. "Sawa, wewe ulikuwa unapamba. Lakini yule wa kwanza naye alituambia dharura tu. Tofauti ni nini? Huyu asiposema anakokwenda, tutajuaje hatuchezei?"

Aliyejibu ni mama wa mapacha, ambaye hatukuwahi kumsikia mkutanoni. Alikuwa kwenye kiti cha mbele na mtoto mmoja kila bega.

"Yule alituacha bila maji wiki mbili na hatukujua atarudi lini," akasema. "Hilo ndilo lilituuma. Mimi Jumanne ile nilishuka na nepi. Sikutaka kujua Mama Mwenyekiti yuko wapi. Nilitaka kujua nani ana ufunguo. Jumanne ya kwanza ulikuwa umeandikwa uko kwa Katibu, na Katibu yuko hapa, na ukamzuia wewe, kaka, kwa sababu ya kisanduku kimoja kitupu."

Mtoto wa bega la kulia akacheua, akapanguswa.

Mama Mwenyekiti akasimama. Barua ilikuwa mkononi lakini aliikunja tena. "Niseme ninachoweza," akasema. "Kuna mtu ananitegemea saa zile za Jumanne. Si jambo la majengo haya, na halitumii chochote cha majengo haya. Zimebaki Jumanne tano. Kosa langu lipo. Nilipoona safu ile inanishinda, ningewaambia inanishinda, tuzungumze, kuliko kuondoka na ufunguo kwenye mkoba na kuwaacha na mabomba makavu. Hilo nisameheni. Lakini jina la huyo mtu na anakoishi, hamtalisikia kwangu, leo wala siku nyingine. Mkiona mwenyekiti wa namna hiyo hafai, barua hii hapa."

"Na likiwa jambo la tangi?" akauliza Redio. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo.

"La tangi niulizeni hata nikiwa naoga."

Hapo nikatoa karatasi mpya niliyoipiga asubuhi. Siku. Saa. Ufunguo uko kwa nani. Mpaka lini. Upande wa kulia nimepaacha patupu, na kusema kweli bado hapapendezi. Nikasema, kiongozi akikosea hata safu moja kati ya hizi, aulizwe hapa uani mbele ya wote, na mimi nikiwemo. Nikapendekeza pia wa kushika ufunguo Jumanne awe Redio.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeupenda ubao kuliko sisi sote. Na uko chini pale siku nzima."

Watu wakashangilia, nusu kwa kuafiki na nusu kwa kumkomoa. Redio alishika kalamu nilipompa atie sahihi kama mshika ufunguo. Akaisoma karatasi juu mpaka chini. Akageuka akaninong'oneza, akidhani ni siri, ingawa mama wa mapacha alisikia na mimi nikamwona anatabasamu.

"Na mimi siku nikifunga kibanda kwa mambo yangu? Naandika nini?"

"Mpaka lini, kaka. Basi."

"Mpaka lini tu?"

"Mpaka lini tu."

Akatia sahihi kubwa yenye mkia.

Jumanne tano zilizofuata pampu iliwashwa saa tisa kamili, mara nyingine saa tisa kasoro, maana Redio alianza kusimama mlangoni na ufunguo mapema kama anayesubiri wageni. Aliwahi kuniuliza mara moja kama najua mama anakwenda wapi. Nikamwambia nilikuwa najua kurasa ngapi tu. Hakunielewa, na hakurudia.

Jumanne ya kumi mama alirudi mapema, na hakurudi peke yake. Mwanawe alishuka na begi moja, kanenepa mashavu, nywele zimemjaa mpaka masikioni. Akanisalimia kwa utani wa zamani, akaniuliza kama bado naharibu karatasi za watu. Mikono yake haikutulia mpaka alipoona mlango wa kichumba cha pampu. Bawaba ya juu ilikuwa imekatika tangu zamani, mlango unafunguka kwa kubebwa. Akaupapasa.

"Huu nani kauacha hivi?"

"Kamati," nikasema.

"Kesho naleta mashine. Nusu saa tu."

Mama yake aliingia ndani haraka, akasema ameacha pasi kwenye moto. Hakuna pasi iliyokuwa imewashwa, lakini hilo si jambo la kuandikwa popote.

Kijana akaenda kwa kinyozi. Mimi nilikuwa ubaoni nabandua karatasi ya mwezi uliokwisha, na kutoka ubaoni mpaka kibandani ni hatua sita, kwa hiyo kusikiliza sikusikiliza, nilisikia tu. Ndani walikuwamo wateja wawili wanasubiri. Redio alimtandika shuka shingoni, akamtazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwenye begi lililowekwa mlangoni kulikuwa bado na kibandiko chenye muhuri wa kile kituo, rangi ya bluu, ule ule niliousoma mimi kwenye fomu. Kilikuwa kinatazama kiti. Nilikiona mimi, na Redio ana macho mazuri kuliko yangu.

"Umepotea," akasema Redio.

"Nilikuwa mbali kidogo."

Nikasimama na pini mkononi. Wateja wawili wakainua vichwa. Redio akainama, akalishika begi, akalisogeza ukutani na kuligeuza, ubavu wenye kibandiko ukaelekea kwenye tofali. Alifanya kama mtu anayetafuta pa kuweka miguu.

"Nywele zinaonyesha," akasema, akawasha mashine. "Nikupunguze au nitoe zote?"